Kabla Hujalipia Tiketi ya Kuunganisha

Mwambie wakala akutafutie tiketi ya Mwanza kwenda Accra. Bei ya chini kabisa atakayokuletea mara nyingi si ya tiketi moja bali ya mbili, pengine tatu: moja ya kukutoa Mwanza hadi Dar es Salaam, nyingine ya Dar hadi Nairobi, na ya mwisho ya kukufikisha Accra. Akizichapa kwenye karatasi moja zinaonekana kama safari moja. Saa zimepangana vizuri na umeokoa dola mia na ushee. Hizo dola mia ndizo ninazotaka tuzizungumzie, maana abiria wengi wa ukanda wetu wanaokesha kwenye viti vya uwanja wa ndege, huku waendako kuna maziko yanayowasubiri au mtoto anayehitimu, wanakesha kwa sababu yake.

Watu wakichagua ndege huuliza mambo mawili: bei gani, na safari inachukua saa ngapi. Mimi naomba uanze na swali la tatu: ndege ya kwanza ikichelewa, ni nani atakayewajibika kunifikisha? Jibu la swali hilo ndilo linalotofautisha tiketi na tiketi.

Ukiwa na tiketi moja inayobeba vipande vyote vya safari, umeingia mkataba mmoja wa kupelekwa Accra. Ndege ya Dar ikichelewa kutoka na ukaachwa na ile ya Nairobi, shirika lina wajibu wa kukutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata bila kukudai nauli nyingine, na ukilazimika kulala, kwa kawaida hukupa chakula na hoteli. Ukiwa na tiketi mbili, una mikataba miwili isiyojuana. Shirika la kwanza limekufikisha Nairobi, limechelewa ndiyo, lakini limemaliza kazi yake. Shirika la pili linakuona kama abiria aliyeitwa getini hakutokea. Nauli imepotea, na mara nyingi tiketi ya kurudia nayo imefutwa. Tiketi mpya ya kununua siku hiyohiyo ni ghali kuliko tofauti yote uliyookoa.

Utajuaje kama ulichonacho ni tiketi moja? Usitazame idadi ya karatasi, wala ile namba fupi ya buking yenye herufi na tarakimu sita. Tafuta namba ya tiketi yenyewe. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi: 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways. Vipande vyote vya safari vikiwa chini ya namba moja, uko salama. Hata kama sehemu ya njia utapanda ndege ya shirika jingine, mkataba ni mmoja. Safari ndefu yenye vipande zaidi ya vinne inaweza kuwa na namba mbili zinazofuatana, na hiyo bado ni tiketi moja. Ukiona moja inaanza na 071 na nyingine na 706, una tiketi mbili, hata kama wakala amezichapa kwa wino mmoja. Muulize kabla hujalipa: "Hizi zimeunganishwa, au ni tiketi mbalimbali?" Wakala mwaminifu atakujibu bila kuzunguka.

Sehemu ya pili ya kulihakiki hilo ni kaunta, na hapo nakuomba usiwe na haraka. Mhudumu akishapima begi atachapa ile karatasi ndefu ya kunata na kuifunga kwenye mpini. Isome kabla begi halijasukumwa kwenye mkanda. Utaona herufi tatu kubwa: huo ndio uwanja ambako begi litashushwa mara ya mwisho. Kwenda Accra lazima ziwe ACC, na viwanja vya njiani vimeandikwa kwa herufi ndogo zaidi. Zikiwa NBO, begi lako safari yake inaishia Nairobi hata kama wewe unaendelea. DAR, ZNZ, MWZ, JRO, EBB, KGL, BJM, ADD: abiria wa ukanda wetu anapaswa kuzijua hizi kama anavyojua majina ya vituo vya daladala. Mwambie mhudumu palepale, kwa upole, "Naomba begi liende hadi mwisho." Kisha chukua kijikaratasi chenye namba ya begi, yenye tarakimu kumi, ukipige picha kwa simu. Lipige picha na begi lenyewe.

Begi linaloishia njiani huleta tatizo kubwa kuliko kulibeba tena. Ili ulichukue inabidi utoke kwenye eneo la transiti, upite Uhamiaji, uingie nchi ya watu. Hapo ndipo viza inapoingia. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki akitoka nje pale Nairobi au Kigali kwa kawaida hana shida kubwa, akiwa na pasipoti halali. Nje ya Jumuiya mambo hubadilika. Abiria aliyekuwa akae ndani ya uwanja bila kuhitaji chochote anajikuta anatakiwa awe na viza ya nchi ambayo hakukusudia kuikanyaga, na shirika la kwanza linaweza kumkatalia kupanda tangu nyumbani.

Kuna nchi ambazo hata kukaa ndani ya uwanja hakukuokoi. Marekani haina transiti ya bila kibali kwa pasi zetu: ukipita huko kwenda Mexico au Jamaika unahitaji viza ya kupitia. Uingereza nayo ina orodha ya nchi ambazo raia wake lazima wawe na viza ya transiti hata wasipotoka nje ya geti, na Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Mwenye pasipoti ya Kongo anayebadilisha ndege Paris au Brussels anahitaji viza ya transiti ya uwanjani, isipokuwa awe na viza au ukaazi wa nchi fulani fulani. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi wanaokwenda Kanada au Amerika ya Kusini walijue hili mapema, kwa sababu njia ya Addis Ababa, Doha au Istanbul inaweza kuwa na bei kubwa kidogo lakini ikawaondolea safari nzima ya ubalozini.

Kadi ya homa ya manjano nayo inategemea njia, wala si nchi unayokwenda tu. Nchi nyingi huidai kwa abiria aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye maambukizi, hata kama hakutoka nje. Kwa hiyo ile transiti ya usiku kucha uliyoichagua kwa unafuu inaweza kukudai kadi ambayo transiti ya saa tatu isingekudai. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Kachome leo, na kadi uiweke ndani ya pasipoti, isiwe kitu cha kukimbilia wiki ya safari.

Sisemi tiketi mbili zipigwe marufuku. Zipo safari ambazo hakuna shirika linalouza njia nzima, au tofauti ya bei ni nusu kwa nusu. Katika hali hiyo linunue pengo kwa makusudi. Kwa tiketi moja, saa moja na nusu hadi mbili pale Nairobi au Addis zinatosha, kwa sababu shirika lenyewe limekubali hatari hiyo. Kwa tiketi mbili mimi sipendekezi chini ya saa tano, na kama kipande cha pili ni cha kwenda mbali au hakirukwi kila siku, lala hapo. Hoteli ya kawaida karibu na uwanja ni nafuu kuliko tiketi mpya. Safiri na begi la mkononi tu ukiweza. Na chagua ndege ya kwanza ya asubuhi, si ya mwisho ya jioni: ndege moja ndogo huzunguka Dar, Mwanza, Kilimanjaro na Zanzibar siku nzima, na dakika 40 zilizopotea asubuhi huwa zimezaa saa mbili ikifika jioni. Ukichelewa asubuhi, kuna ndege nyingine mchana. Ukichelewa jioni, hakuna kitu mpaka kesho.

Abiria wa mikoani anayeunganisha Dar akumbuke pia kwamba ndege nyingi za ndani hutua Terminali 2, na za nje huondokea Terminali 3, iliyofunguliwa 2019. Ni majengo mawili tofauti, si milango miwili ya jengo moja. Utachukua begi, utatafuta gari, utapita ukaguzi upya. Nairobi nako ndege za ndani zina jengo lao ndani ya uwanja mkuu, JKIA, na ndege ndogo za mbugani na Lamu nyingi ziko Wilson, uwanja mwingine kabisa wenye foleni ya barabara katikati. Herufi WIL na NBO kwenye safari moja maana yake ni teksi, na teksi ya Nairobi saa kumi na moja jioni haina ahadi.

Kwa nini njia zetu zimejipinda hivi? Mtu wa Mwanza yuko ng'ambo ya ziwa na Entebbe, lakini ndege mara nyingi humpeleka kwanza Bahari ya Hindi ndipo imrudishe Ziwa Victoria. Wakati wa East African Airways, iliyoanza 1946 na kufa 1977, nchi tatu zilikuwa na shirika moja. Lilipovunjika kila nchi ikajenga lake na kulilinda, na haki ya kutua ikawa jambo la kujadiliwa serikali kwa serikali. Azimio la Yamoussoukro la 1999 liliahidi kufungua anga ya Afrika, na soko moja la usafiri wa anga likazinduliwa Januari 2018 pale Addis Ababa. Utekelezaji umekwenda pole pole mno. Inaniuma, kwa sababu anayelipa gharama ya milango iliyofungwa ni mama mwenye marobota ya vitenge na mgonjwa anayefuata rufaa.

Mpaka hapo anga itakapofunguka, itazame ramani kabla ya kutazama nauli. Bukoba iko karibu zaidi na Entebbe kuliko ilivyo na Dar es Salaam: basi la kupitia Mutukula linaweza kukupeleka kwenye uwanja wenye ndege za Dubai, Addis na Brussels bila kuirudia nchi nzima kwanza. Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga si zaidi ya kilomita 300, na wengi huifanya njia hiyo kwa gari asubuhi wakapanda ndege usiku. Lakini kwanza angalia kama Kilimanjaro yenyewe haina ndege ya kukufikisha, maana Addis na Amsterdam hufikiwa kutoka hapo. Mtu wa Mombasa asidhani lazima apitie Nairobi: Ethiopian huja mpaka Mombasa. Akilazimika kupitia Nairobi, treni ya reli ya kisasa, SGR, huishia Syokimau, si mbali na JKIA, ingawa kwa treni tena wewe ndiye mbeba hatari. Watu wa Bukavu wamekuwa wakivuka mto Rusizi kwenda kupandia Kamembe. Na uwanja wa Goma ulipofungwa Januari 2025 kwa sababu ya vita, barabara ya kutoka Gisenyi kwenda Kigali ndiyo ikawa njia ya wengi kuifikia ndege. Ukiunganisha gari na ndege, ongeza nusu siku. Mpaka unaweza kuwa na foleni, na basi halina wa kukulipa.

Hilo la Goma linanifikisha kwenye jambo ambalo bei haikuonyeshi: njia moja inaweza kuzibwa ghafla. Novemba 2022 mgomo wa marubani wa Kenya Airways uliwakwamisha maelfu ya abiria. Septemba 11, 2024 waligoma wafanyakazi wa viwanja vya ndege vya Kenya, na shughuli za JKIA zikasimama kwa saa nyingi. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha vibali vya Kenya Airways kati ya Dar na Nairobi kuanzia tarehe 22, kwa mvutano wa haki za kusafirisha mizigo, kisha serikali mbili zikaelewana kabla ya tarehe kufika. Sikwambii uiogope Nairobi. Ni kituo kikubwa na kizuri. Ninachosema ni kwamba kwa safari isiyokubali kuchelewa, kama upasuaji, mtihani au mahojiano ya viza, chagua shirika lenye ndege zaidi ya moja kwa siku kwenye njia hiyo, na ufike siku moja kabla. Ndege inayoruka mara mbili kwa wiki ikikuacha Jumanne, hadi Ijumaa unasubiri.

Ratiba nazo hubadilika mara mbili kwa mwaka duniani kote: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tiketi uliyonunua Agosti kwa safari ya Novemba inaweza kusogezwa, na ule muda wa saa mbili wa kuunganisha ukawa dakika 50 bila mtu kukupigia simu. Fungua buking yako kila baada ya wiki chache. Shirika likibadilisha ratiba kiasi cha kuvunja muunganiko wa tiketi moja, una haki ya kudai likupangie upya bila malipo au likurudishie fedha. Wanaoangalia mapema hupata nafasi nzuri. Anayegundua kaunta huchukua iliyobaki.

Kuhusu saa, tuelewane vizuri, maana sisi tunahesabu siku kwa namna yetu. Tiketi hutumia saa 24 na siku yake hubadilika usiku wa manane. Ukiona 00:45 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano usiku wa kuamkia tarehe 15: unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14, saa tatu na nusu usiku. Kila mwaka wako watu wanaokwenda na mabegi yao jioni ya tarehe 15, wakiwa wameaga mtaa mzima, na ndege iliondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Ukimwomba ndugu akupeleke, usimwambie "tarehe kumi na tano usiku". Mwambie jina la siku na jioni yake. Kumbuka pia kwamba Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko nyuma ya Dar, Nairobi na Addis kwa saa moja. Saa zilizoandikwa ni za mahali ndege ilipo, na muda wa kuunganisha hesabu kwa saa ya uwanja wa katikati tu. Addis nako, wenyeji huhesabu saa kama sisi, wakianzia alfajiri. Dereva akikwambia saa mbili, muulize ya wapi.

Jambo moja huwaumiza sana watu wa Zanzibar. Umenunua tiketi ya Zanzibar hadi Dar, kisha Dar hadi Mumbai, kwenda na kurudi. Siku ya safari unaona bora upande boti ili ulale Dar kwa dada yako, kisha uungane na ndege Terminali 3. Vipande vya tiketi lazima vitumiwe kwa mpangilio wake. Usipotokea kwenye cha kwanza, mfumo hukufuta kwenye vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi. Nimemwona baba mmoja pale kaunta, amemshika mkono mkewe mgonjwa, akielezwa hivyo na hakuelewa, kwa sababu kwa akili ya kawaida alikuwa amelipia zaidi akatumia kidogo. Kama unataka kuacha kipande, piga simu au nenda ofisini kabla ya siku ya safari, na upate tiketi iliyobadilishwa kwa maandishi.

Sasa tuseme yote uliyafanya, na bado umeachwa. Ukiwa bado ndani ya uwanja wa katikati, usitoke Uhamiaji na usinunue chochote. Nenda dawati la transiti la shirika lililokuleta, huku ukipiga simu kwa wakala, kwa sababu foleni ni ndefu na viti vya ndege inayofuata ni vichache. Sema unakokwenda na lini lazima ufike, kisha omba maandishi ya sababu ya kuchelewa. Usikubali hundi ya punguzo la safari ijayo badala ya hoteli ya leo.

Begi lisipotokea, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla hujajaza fomu ya ripoti na kupewa namba yake. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo, unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kwa begi lililoharibika, na siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi lililochelewa. Zikipita siku 21 begi halijafika, unaweza kulidai kama lililopotea. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya SDR (kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kama dola 2,000 hivi, ila lazima uthibitishe thamani, kwa hiyo tunza risiti za nguo na dawa ulizonunua ukisubiri. Kesi ina muda wa miaka miwili. Aliyetoka kwenye uwanja wa nchi ya Umoja wa Ulaya, au aliyepanda shirika la Umoja huo kwenda huko, ana kinga ya ziada: Kanuni ya Umoja huo namba 261 ya 2004 inampa hadi euro 600 kwa safari ndefu iliyofika kwa kuchelewa zaidi ya saa tatu, mradi kosa si la hali ya hewa au sababu nyingine iliyo nje ya uwezo wa shirika. Kwa Amsterdam hadi Kilimanjaro hiyo inahusika. Na kama muunganiko ulikuwa tiketi moja, kinachohesabiwa ni saa uliyofika mwisho wa safari. Kwa aliyekuwa na mbili, kila kipande kinahesabiwa peke yake, na mara nyingi hapati kitu.

Shirika lisipojibu malalamiko yako, peleka nakala kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, ukiambatisha namba ya tiketi, pasi ya kupandia ndege na ile picha ya kijikaratasi cha begi. Pasi ya kupandia ndege watu huitupa kwenye pipa la kwanza wakitua. Itunze mpaka begi lifike nyumbani na safari ya kurudi iishe.